Mwili Unaonilinda Vibaya

Mwisenge, Musoma
Jumamosi, baada ya mvua

Nyangeta mwanangu, mama yangu mdogo,

Mvua imekatika sasa hivi na upepo wa ziwa unaingia dirishani, kwa hiyo vidole vyangu vinanitii. Unajua joto linavyonifanya. Saa za jua kali kalamu inaniponyoka kama samaki. Ndiyo maana nimekuacha uani na mdogo wako mkifunga begi, nikajifungia humu chumbani. Usigonge. Nikimaliza nitatoka mwenyewe.

Habari za mashuka, sufuria, kadi ya bima na nani atakupokea stendi, baba yako ameshakueleza mpaka umeanza kumwitikia bila kumsikiliza. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kujibu swali ambalo hukuniuliza mimi.

Jumapili iliyopita tuliporudi kanisani, ulisimama na baba yako nyuma ya nyumba, pale kwenye kamba ya nguo. Ukamwambia, "Baba, mimi nimefikiria. Siendi Dodoma. Mama atabaki na nani?" Baba yako akaendelea kukaza ile kamba. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika ukuta naelekea chooni, na dirisha lilikuwa wazi. Nikageuka nikarudi kukaa kitandani. Haja yenyewe ilinipotea.

Tangu siku ile nimejaribu kukujibu kwa mdomo, na kila nikijaribu yanatoka maneno mafupi yenye hasira. Juzi nilikufokea eti umeweka chumvi nyingi kwenye dagaa. Dagaa hawakuwa na shida yoyote. Nisamehe kwa hilo, kisha unisikilize, maana jibu langu ni refu na linaanzia mbali kidogo.

Linaanzia Mukendo, kwenye kibanda changu cha vitenge, wewe ukiwa darasa la kwanza. Alikuja mama mmoja wa kwaya kuchagua kitambaa cha sare. Upepo ukainua vumbi, likaniingia jicho la kulia. Nikalifumba, nikawa natumia la kushoto, ambalo kwa siku mbili tatu lilikuwa linaniuma kila nikiligeuza.

"Nikatie ile nyekundu," akasema.

"Nyekundu ipi?"

"Si hiyo uliyoishika."

Nikaangalia mkononi. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha rangi ya tope. Nikafumbua jicho la kulia: nyekundu, tena ile nyekundu inayopiga kelele. Nikalifumba: tope. Nikacheka, nikamwambia vumbi limenipofusha, nikamkatia kitambaa chake.

Nilikwenda kupimwa macho nikapewa dawa ya matone. Baada ya wiki kadhaa rangi zikaanza kurudi pole pole, kwanza bluu, nyekundu mwisho kabisa. Nikasifu matone. Kumbe matone hayakuhusika. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana, na ni jambo la kwanza ninalotaka ulijue kuhusu ugonjwa huu: unaondokaga wenyewe, halafu ile dawa au ile sala au ule mzizi uliokuwa mkononi siku hiyo ndio unapewa sifa.

Kisha ukaja umeme. Nikiinamisha shingo kuosha vyombo, kitu kama shoti kinashuka uti wa mgongo mpaka kwenye nyayo. Kisha ganzi ya mguu wa kushoto. Siku moja tunatoka kibandani, nimekushika mkono, ukanivuta: "Mama, kiatu chako kiko kule nyuma." Nikaangalia chini. Mguu ulikuwa mtupu, umejaa mchanga, na sikuwa nimehisi chochote. Ukakimbia ukakiokota ukanivisha. Ulidhani ni mchezo. Ukawa unaniuliza kila siku kama nimevaa vyote viwili.

Baba yako wakati ule alikuwa Bunda, kwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Kabasa, anarudi mwisho wa wiki. Akiuliza namwambia ni uchovu. Naye akaamini, kwa sababu hakuna mwanamke anayesimama kibandani kutwa nzima asiyechoka.

Halafu nikapata mimba ya Wambura. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Mwezi wa tatu au wa nne hivi, mwili ukarudi. Ganzi ikaisha. Umeme ukakoma. Nikawa napanda kilima na ndoo kichwani kama msichana. Wenzangu wa kikundi cha maombi cha parokia walikuwa wameniombea mara nyingi, na sasa waliniona nikitembea, nao wakalia kwa furaha. Nikaitwa mbele. Nikashika maikrofoni, tumbo limetangulia, nikasema: Mungu ameniponya. Wakapiga vigelegele. Wewe ulikuwa benchi la mbele na gauni lako la njano, unapiga makofi kuliko wote.

Sikudanganya siku ile. Nilichokisema ndicho nilichokiona. Kosa langu lilikuja baadaye.

Wambura alizaliwa salama. Kabla hajaanza kugeuka kitandani mwenyewe, mguu ukarudi kuwa gogo, safari hii na mkono wa kushoto ukafuata. Nikajisemea: nimeshashuhudia mbele ya parokia nzima. Nikisema nimeugua tena nitakuwa nimemwaibisha Mungu, na wale walionililia, na mimi mwenyewe. Basi nikaficha. Nikaacha kwenda kanisani, nikasema ni mtoto mchanga. Kibanda nikakifunga, nikasema ni mtoto mchanga. Na moyoni, Nyangeta, nikaanza kumtazama yule mtoto kwa jicho baya. Nilikuwa mzima kabla hajatoka. Ametoka, nimeanguka. Nilikuwa namnyonyesha huku nikimgeuzia uso ukutani. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Na nikakufundisha wewe kusema uongo. Nilikukalisha kwenye kigoda nikakuambia, "Mtu akija akiniuliza, sema mama ana malaria." Ukaitikia kwa kichwa. Ulikuwa mtoto msikivu mno, na mimi nilitumia usikivu wako.

Unaikumbuka siku ya beseni? Mimi naikumbuka kila ninapomwona Wambura akirusha mpira. Nilikuwa natoka kumwogesha. Mguu ukakunjika kama karatasi. Nilianguka kwa ubavu na mtoto akanichomoka mikononi, akaangukia kwenye beseni la nguo chafu. Nguo ndizo zilizomwokoa. Kabla sijajigeuza ulikuwa umeshafika, umemwinua, umemfunga kanga, unamtikisatikisa begani kama mama mzima. Na mlangoni alikuwa amesimama Mama Sabina wa jumuiya yetu, amekuja na kibakuli cha sato wa kukaanga. Hakuwa amefungua mdomo. Wewe ukamgeukia ukamwambia, "Mama ana malaria."

Ulikuwa na miaka minane. Mkono mmoja umemshika mdogo wako, mwingine umeushusha mlangoni kumzuia mtu mzima asiingie. Uso wako ulikuwa mkavu. Pale sakafuni nilielewa kwamba nimekufanya mlinzi wa kitu ambacho hata mimi nilikuwa sikiwezi, na bado niliendelea nacho miezi mingine. Kuelewa na kuacha ni mambo mawili.

Aliyekomesha ni bibi yako. Tulikwenda Butiama Krismasi, kwa mama yake baba yako. Kutoka pale gari lilipotushusha mpaka jikoni kwa bibi si mbali, lakini kuna mawe na kuna kimteremko, na yeye alikuwa amekaa na ungo wake wa mtama ananiangalia tangu getini. Hakunisalimu. Alisubiri nifike, akasema:

"Wewe ulikuwaga unatembea kama mtu anayechelewa gulio. Sasa unatembea kama mtu anayetafuta sindano."

"Nimechoka na safari tu, mama."

"Safari ya kutoka Musoma? Kaa hapa."

Nikakaa. Akaweka ungo chini, akaushika mguu wangu wa kushoto, akanifinya kidole kwa nguvu zote. Sikushtuka. Akafinya tena, macho yake yananiangalia usoni. Ndipo nikalia. Nikamwambia yote: jicho, kiatu, umeme, maikrofoni.

"Nimeshashuhudia, mama. Nitawaambia nini watu?"

"Utawaambia umeugua tena. Kwani aliyepona malaria haugui tena? Na Mungu hana haja ya wewe kumfichia."

Usifikiri bibi yako alikuwa malaika. Jioni hiyohiyo alianza kutafuta nani amenifanyia. Aliwataja watu watatu, mmoja amekufa siku nyingi. Alinichemshia majani machungu nikaharisha siku mbili. Lakini siku ya tatu alivaa viatu vyake vya kanisani, akamwambia baba yako, "Huyu anakwenda Mwanza, na mimi nakwenda naye, kwa sababu akienda na wewe atakudanganya ukubali." Baba yako aliumia. Lakini alilipa nauli, akatusindikiza mpaka Bunda, akatulaza chumbani kwake Kabasa, yeye akalala dukani juu ya matairi.

Hospitali ya Mwanza walinipima kila kitu. Waliniingiza kwenye ile mashine ya kupiga picha ya kichwa na uti wa mgongo, inayogonga kama mafundi bati. Walinichoma sindano ya mgongo wakatoa maji. Tulikaa kwa jamaa siku nyingi tukingoja majibu. Daktari aliyetupa majibu alikuwa msichana mdogo tu, sauti ndogo, na bibi yako alimwangalia kwanza kama anayetaka kumuuliza wazazi wake wako wapi.

Alisema ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, wengi wanauita MS. Akasema huku kwetu hauonekani sana, na ndiyo maana wengi huzunguka miaka kabla haujapewa jina. Kisha akachukua karatasi akachora. Wewe umekua ukisikia habari hizi vipande vipande, na huko uendako watakufundisha vizuri kuliko mimi. Lakini nataka uzipate kama nilivyozipata mimi siku ile, kwa maneno ya yule binti.

Alisema ndani ya damu kuna chembe nyeupe, na ndizo askari wa mwili. Tangu tukiwa wadogo zinafundishwa kumjua mwenyeji na kumjua mgeni. Zipo zinazopigana, wanaziita T. Zipo zinazotengeneza silaha na kupeleka habari, wanaziita B. Na zipo nyingine ambazo kazi yake ni kuziambia zile nyingine, "Inatosha, rudini." Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu mambo haya yamevurugika. Zile za kupigana zimemwona mwenyeji zikamdhania mgeni. Zile za kupeleka habari zinazidi kuzichochea. Na zile za kusema inatosha zimelegea, hazisikiki. Basi zinapenya ukuta ulio kati ya damu na ubongo, ambao kwa kawaida hazipiti ovyo, zinakwenda kula utando unaofunika mishipa ya fahamu. Utando ukiliwa kwenye mshipa wa jicho, nyekundu inakuwa tope. Ukiliwa mgongoni, kiatu kinabaki njiani.

Bibi yako aliinama juu ya ile karatasi muda mrefu.

"Kwa hiyo mwili wake unamkataa," akasema.

"Hapana, bibi," yule binti akajibu. "Unamlinda. Ila unamlinda vibaya."

"Na hakuna mtu aliyemfanyia."

"Hakuna mtu, bibi."

Bibi akaegemea kiti. Nilimwona anawafuta mmoja mmoja wale watu watatu.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nikamuuliza: kwa nini nilipona nikiwa na mimba? Akatabasamu, kama aliyekuwa analisubiri. Akasema mtoto tumboni nusu yake ni ya baba yake, kwa hiyo kwa askari wa mama huyo ni nusu mgeni. Ili asidhuriwe, mwili unabadilisha askari wake. Wale wakali wanatulizwa, wale wa kusema inatosha wanapewa nguvu. Mama mwenye ugonjwa huu mara nyingi hupata nafuu kipindi hicho. Akishajifungua, mambo yanarudi yalivyokuwa, na miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Bibi alikuwa amembeba Wambura mgongoni, nikamwambia nipe. Nikakaa naye kwenye benchi la korido, mkono wangu mzima ndio umemshika, nikamwangalia usoni. Huyu niliyekuwa namgeuzia uso ukutani. Miezi yote ile alikuwa tumboni akinipa mapumziko, bila kujua, na mimi nikamlipa kwa chuki. Nilimbusu mpaka akakasirika.

Tuliporudi nilikwenda kanisani. Sikuomba maikrofoni. Nilisimama kwenye jumuiya yetu, nyumbani kwa Mama Sabina, nimeshika kiti, nikasema: nimeugua tena, ugonjwa una jina, hauambukizi, na nilinyamaza kwa sababu niliona aibu. Mama mmoja akaangalia kikombe nilichokuwa nimenywea, na tangu siku hiyo sikumwona akinywa tena chai nilipo mimi. Lakini Mama Sabina akaniambia wakati wa kuondoka, "Mtoto wako aliniambia malaria. Nilijua si malaria. Nikawa nasubiri uniambie." Nikamuuliza kwa nini hakuingia kwa nguvu siku ile ya beseni. Akasema, "Yule mtoto alisimama mlangoni vile, ningempitaje?"

Nikaanza dawa ya dripu, ile ya Mwanza ya kila nusu mwaka, inayopunguza zile chembe za B ili habari za uongo zisifike kwa wapiganaji. Ndiyo maana nakufukuza ukiwa na kikohozi. Si madaha, askari wangu wamepungua kwa makusudi. Na hapo napo nilikosea, ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa mzima mwaka mzima na zaidi. Nikasema safari ya Mwanza ni ndefu, dripu inaweza kungoja. Ikangoja mara moja, ikangoja mara ya pili. Yule binti daktari alikuwa ameshaniambia kwamba zile chembe zina kumbukumbu, zinaweza kukaa kimya miaka huku hazijasahau chochote. Mimi nikasahau. Mguu huu ninaouburuta leo, ule uliokataa kurudi, si wa ugonjwa peke yake. Kuna ujeuri wangu ndani yake.

Sasa nije kwako.

Nimekuona. Mwezi uliopita, jikoni, ulisimama mbele ya kalenda ya duka la baba yako, ile yenye pikipiki nyekundu. Ukaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kisha la kushoto. Kisha la kulia tena. Halafu ukainamisha shingo pole pole, ukangoja. Nilirudi nyuma kabla hujageuka. Mwanangu, sijui umekuwa ukifanya hivyo tangu lini, na kwamba umekuwa ukifanya peke yako kunaniuma kuliko mguu.

Siku nyingi nilishamuuliza daktari kama mtoto wangu anaweza kuurithi, ila sikukuambia. Alisema ugonjwa huu haurithiwi kama pua. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi kubwa kidogo ya kuupata kuliko mtoto wa mwingine, lakini kubwa kidogo ya kitu kidogo sana, na watoto walio wengi kabisa wanazeeka bila kuuona. Hilo ndilo alilosema na sitaliongezea sukari. Siwezi kukuahidi kilicho ndani ya damu yako. Ninachokuomba ni hiki tu: jicho likiuma na rangi ikipauka, au ganzi ikikaa siku mbili tatu haitoki, mwambie mtu wiki hiyohiyo. Mtu yeyote mwenye akili. Usiseme malaria. Na siku zisizo na jicho wala ganzi, iache kalenda iwe ya kuangalia tarehe.

Kuna la pili, na hili ni gumu zaidi. Unakwenda Dodoma kusomea maabara. Watu wote wa Mwisenge wanasema, "Binti wa Mama Nyangeta anakwenda kusomea ugonjwa wa mama yake." Wanasema kwa nia njema, na wewe unainamisha kichwa na kutabasamu. Mimi nakumbuka kitu kingine. Nakumbuka siku nilipokupeleka nami Mwanza mara ya kwanza, wakati wananichoma kidole, ulimwambia yule kijana wa maabara, "Naomba nizione hizo chembe." Akakuinua ukachungulia kwenye hadubini. Ukakaa pale mpaka foleni ikanung'unika. Uliporudi kwangu hukusema "mama utapona." Ulisema, "Mama, zinapendeza!" Nilikasirika kidogo, nakiri. Chembe zinazonila, mwanangu anasema zinapendeza.

Lakini kwenda kwa sababu hiyo nakukubalia. Nenda kwa sababu zinapendeza. Usiende kwa ajili ya kuniponya, maana ukienda kwa hilo, kila nikianguka utajiona umefeli mtihani. Na usikae kwa ajili ya kunilinda. Ulilinda mlango wangu ukiwa na miaka minane. Hakuna aliyekuuliza kama unataka. Leo mimi nakufungulia, pita.

Utasema, haya, lakini mama atabaki na nani?

Usifikiri atabaki na Wambura. Nimekaa na baba yako tukasema wazi: Wambura atachota maji kama mtoto yeyote wa rika lake, atafua soksi zake, kisha aende mpirani. Hataniinua. Hataniogesha. Hatamdanganya mtu mlangoni. Nilishamfanya mtoto mmoja kuwa mtu mzima kabla ya wakati, inatosha.

Baba yako ameongea na tajiri wake, atakuwa analala Musoma siku nyingi kuliko Bunda. Hakukuambia pale kwenye kamba ya nguo kwa sababu hakuwa na uhakika, na unamjua, hawezi kutamka jambo kabla hajalishika. Zile bomba za kujishikilia alizozipigilia ukutani wiki hii kutoka chumbani mpaka chooni hakunitangazia pia. Nilitoka asubuhi nikazikuta. Miaka mingi nilidhani ukimya wake ni kukimbia. Ukipata mume mkimya, angalia mikono yake kabla hujalia.

Na bibi yako anahamia hapa. Ndiyo, chumbani kwako. Anafika kesho jioni na mitetea wawili na godoro lake mwenyewe, maana amesema magodoro ya mjini yana uvivu. Nilimwambia, "Mama, wewe na umri huo utanihudumia mimi?" Akajibu, "Nani kasema nakuja kukuhudumia? Nakuja kukaa. Wewe utanisomea gazeti, na mimi nitakuambia ukitembea vibaya." Tutagombana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu kila kitu. Nimeanza kufurahia.

Sijapona, Nyangeta. Sitakuandikia siku moja kwamba nimepona. Kuna siku nitakuwa vizuri, na siku hizo nitakupigia simu nikiwa nimesimama barazani nauza kitenge. Kuna siku nitakuwa vibaya, na siku hizo pia nitakupigia na nitakuambia ukweli, ili usiwe unapima sauti yangu. Nawe uniambie wa kwako. Ukiwa na njaa sema njaa. Ukilia kwa sababu ya mtu, sema jina lake. Tusirudi tena kwenye malaria, mimi na wewe.

Hapo uani nakusikia unacheka. Sijui Wambura amekuambia nini, lakini unacheka kile kicheko chako cha puani kinachoniudhi, na begi nadhani bado halijafungika. Nina kiu. Siku nyingine zote ningeshakuita, nawe ungeshafika na kikombe kabla sijamaliza jina. Mtungi wa maji uko pale kwenye kona, hatua chache kutoka kitandani.

Cheka tu, mama. Nayafuata mwenyewe.

Mama yako